Mtawala mwanamke kwenye hadithi yangu: mumewe aitwe nani, na mahari atoe nani?

#1 MkasaWaNjiro
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo, wa hela nitaomba siku nyingine.

Naandika hadithi ndefu ya kubuni, naitoa kipande kipande kwenye kundi la WhatsApp, wasomaji wengi ni wa hapa Arusha na Moshi. Kuna taifa linaitwa Wasombe. Wanakaa kwenye mlima wa moto uliozimika, mashamba yamekaa ngazi tatu, juu kabisa kuna chemchemi moja, chini ni nyika kavu yenye wafugaji. Maji yote yanashuka kwa mifereji na yanapita lango moja. Anayeshika lango ndiye mtawala, na anayeshika lango ni mwanamke, tangu enzi na enzi.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikimwita Malkia, wasomaji wanauliza mfalme yuko wapi. Nikimwita mumewe Mfalme, wanamwona yeye ndiye mwenye nchi. Kuna mmoja kaniandikia, "mbona mfalme haongei?" Jamani, yule ni mume tu, anafuga nyuki. Na kipande kijacho kuna harusi. Mahari atoe nani? Mwanaume apeleke ng'ombe kwa mwanamke ambaye ng'ombe haohao wanakunywa maji yake?

Dai langu, mnipinge: nchi anayotawala mwanamke, mwanaume ndiye wa kutolewa mahari. Kinyume cha hapo hadithi haina mantiki.

#2 Ndizi Mshale
Wasombe? Dada, nenda Kigoma ukaulize sombe ni nini. Umeandika taifa la kisamvu.
Nimekaa siti ya mbele, mbege ninayo.

#3 Ng'ombe Tatu
Mimi mwanaume nitolewe mahari? Naomba ramani ya kwenda huko. Nauli ipo.

#4 Kalamu Nyekundu
Dai la mleta mada linaanguka kwa mfano mmoja. Balobedu wa Limpopo, Afrika Kusini, tangu karne ya 19 wanatawaliwa na wanawake, na cheo chao ni Modjadji, malkia wa mvua. Kwa mila yao Modjadji hana mume anayetambulika. Watoto anazaa, lakini baba yao ni mtu wa ukoo aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, hana cheo wala sauti barazani. Halafu Modjadji ndiye anayeoa: koo na wakuu wa vijiji wanampelekea mabinti, nao wanaitwa wake zake. Kwa hiyo hakuna mume wa kumtafutia jina. Makobo, Modjadji wa sita, alitawazwa 2003 akafariki 2005, na mgogoro wa nani amrithi ukafuata.

Kwa maneno mengine, swali lako la kwanza si mume aitwe nani. Ni kama mume anahitajika.

#5 Mkurya wa Sakina
Nakazia namba 4. Na msidhani mwanamke kuoa mwanamke ni mambo ya mbali. Kwetu Mara ipo, nyumba ntobhu. Mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto wa yule binti wanakuwa wa nyumba ya yule mama. Jirani yetu kijijini alikuwa na nyumba ya namna hiyo na wajukuu wake wanamwita bibi kama kawaida, hakuna anayeshangaa. Mahari ni ileile. Ng'ombe hawaulizi jinsia ya anayewaswaga.

#6 Ng'ombe Tatu
Kwa hiyo safari yangu imefutwa?

#7 BintiUsambara
Mnakimbilia mume na mke, mjomba mmemwacha wapi?

Mimi ni Msambaa niliyelelewa Arusha, hadithi ya Mbegha nimeimeza tangu utoto. Mwindaji anaingia milimani, anagawa nyama, anaamua kesi, watu wanampa utawala, na wenyeji wanampa wake. Tazameni kilichofuata kwa Wakilindi, ukoo wake wa kitawala: mtoto wa kila mke alipelekwa kutawala kule kwa kina mama yake, wajomba wakimzunguka. Mfalme yupo Vugha, makao makuu, anaitwa Simba Mwene, lakini kila bonde lina mpwa wake kwenye kiti. Ndoa zilikuwa ndiyo serikali za mitaa. Ilikaa vizuri mpaka mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki 1862, hapo kila mtoto na wajomba zake wakavuta kwao, vita vikaanza.

Kwa hiyo dada Mkasa, usianze na cheo cha mume. Anza na nani wanaitwa wajomba wa mtoto atakayetawala. Hao ndio watakaokupa hadithi.

#8 MkasaWaNjiro
Dada BintiUsambara, umenigusa. Ila kwangu mambo yako kinyume, mtawala ni mama, kwa hiyo wajomba ni kaka zake mtawala, wako palepale ikulu. Shida itatoka upande wa baba. Au?

#9 BintiUsambara
Ndiyo. Kwako wewe shangazi ndiye wa kuogopwa.

#10 ShangaziMajengo
Nimesikia naitwa.

Wanangu, mimi ni mwenyekiti wa kamati za harusi hapa Moshi, nimezika vikao vingi. Mnabishana mahari, mbona kamati hamjaiweka? Mtawala akiolewa, nchi nzima inachangia. Kadi zinapelekwa kila ngazi ya mlima: ngazi ya juu mbuzi wa ndafu, ngazi ya kati ndizi na ulezi wa pombe, ngazi ya chini kuni. Asiyechanga jina lake linasomwa kikaoni. Sasa niambieni, hiyo si kodi? Kiongozi mjanja ataoa au kuolewa kila hazina ikipungua. Mwanangu Mkasa, ukitaka sababu ya ndoa za watawala kuwa nyingi, sababu ni hiyo, mapenzi hayamo.

#11 Bodaboda Sakina
Shikamoo shangazi. Ahadi yangu ya harusi ya mwezi uliopita naomba iingie kwenye deni la taifa.

#12 ShangaziMajengo
Marahaba. Jina lako ninalo.

#13 Ndizi Mshale
Nikurudishe kwenye vyeo. Chukua cheo chetu Wachagga cha bure: Mangi, yaani chifu. Babu zetu ukimtaja Mangi Sina wa Kibosho au Mangi Rindi wa Moshi, mtu anakaa sawa. Leo ukisema "ngoja nipite kwa Mangi" unamaanisha unakwenda kununua kiberiti na mafuta ya kupima. Cheo kinaliwa na matumizi. Kwenye hadithi yako weka hilo: mwanzo wa kitabu cheo ni cha mtawala, mwisho wa kitabu kila mwenye duka anaitwa hivyo.

Lakini nyinyi mnajua, machifu wote walifutwa siku ya uhuru 1961, kwa hiyo sisi tulibaki na maduka tu.

#14 Kalamu Nyekundu
Marekebisho kwa namba 13. Sheria ya kufuta utawala wa machifu Tanganyika ni ya 1963, si 1961. Na Wachagga walitangulia: Thomas Marealle aliwekwa kuwa Mangi Mkuu 1952, ikafika 1960 wenyewe wakapiga kura kwamba wanataka Rais wa kuchaguliwa, akapatikana Solomon Eliufoo. Hilo nalo ni la kuiba kwa mwandishi: nchi inabadili cheo bila kubadili kiti.

#15 Ndizi Mshale
Kwa hiyo Wachagga tulikuwa na Rais wakati Tanganyika bado inaitwa koloni? Asante mkuu, umeniongezea majivuno ambayo hayakuhitajika.

#16 Laigwanani wa Mtandaoni
Salamu toka Ngaramtoni. Mleta mada ameandika chini kuna nyika ya wafugaji, sijui kama anatujua. Wafugaji wa kwetu, Wamaasai, hawana mfalme. Laigwanani anachaguliwa na watu wa rika lake, anapewa rungu jeusi, na ukubwa wake ni kusikiliza mpaka wote wachoke. Oloiboni ni wa kuagua na dua, tena watu wanamwendea kwa zawadi na kwa woga kidogo. Hakuna kati yao anayemwamuru mwenzake auze dume.

Kwa hiyo kama huyo mume mfuga nyuki katoka nyikani, hajaja peke yake. Ana rika. Mke amemwoa yeye mmoja, lakini wenzake wa rika watafika nyumbani kwake, watakaa, watataka maziwa, na kwa desturi hawafukuzwi. Mtawala wa maji aamke asubuhi akute wanaume ishirini wenye mikuki barazani wanamwita shemeji. Andika hiyo.

#17 MkasaWaNjiro
Hii naiandika usiku huu huu.

#18 Mtumishi_K
Mnapoteza muda. Maandiko yako wazi, mume ni kichwa. Mwanamke atawale, lakini nyumbani mume ndiye kichwa, mwite Mfalme basi, mada ifungwe.

#19 Ng'ombe Tatu
Mtumishi, malkia wa Sheba alikwenda kwa Suleimani na ngamia zake, maandiko hayo hayo hayajataja mume. Na mwenyeji wake alikuwa na wake mia saba na masuria mia tatu. Hapo kichwa ni kipi na shingo ni ipi?

#20 Mtumishi_K
Nitarudi na jibu.

#21 Kalamu Nyekundu
Hajarudi bado, niendelee. Namba 18 kwa bahati mbaya amegusa jambo la kweli: mume wa mtawala mwanamke huwa anaogopwa, na ndiyo maana nchi mbalimbali zimemfanyia vituko.

Uhabeshi: Zewditu, binti wa Menelik wa Pili, alitawazwa 1917 na cheo cha malkia wa wafalme. Alikuwa na mume, Ras Gugsa Welle, mpwa wa Taytu, yule mke wa Menelik wa vita vya Adwa. Wakubwa wa ikulu wakaona ukoo wa Taytu utarudi kwa mlango wa nyuma. Sharti likawa Zewditu aachane na mumewe, na mume akapelekwa kutawala Begemder, mbali huko kaskazini. Gugsa akaja kuasi, akauawa vitani 1930, na Zewditu akafariki siku chache tu baadaye. Hakuna mwandishi angethubutu kubuni hivyo, wangemwambia amezidisha chumvi.

Uingereza: hakuna aliyeruhusiwa kumposa malkia, kwa hiyo Victoria ndiye aliyemposa Albert, 1839. Wakamzungusha na cheo mpaka 1857 ndipo akapewa rasmi cha mwana wa mfalme mwenza. Na Philip, mume wa Elizabeth wa Pili, hakuwahi kuitwa mfalme hata siku moja. Ila mke wa mfalme pale anaitwa malkia papo hapo, bila kikao. Cheo cha mwanamke kinapanda kwa ndoa, cha mwanaume hakipandi, kwa sababu wanaamini mfalme yuko juu ya malkia. Dada Mkasa, wasomaji wako wanakuuliza "mfalme yuko wapi" kwa kuwa umechukua maneno ya huko na mzigo wake wote.

#22 Forodhani_Arusha
Kalamu, hewala. Lakini mbona mwaenda mbali? Unguja karne ya 17 ilitawaliwa na Mwana Mwema, na Waunguja hawakuhangaika na jina la mumewe mpaka leo. Tena dalili ya utawala kwetu haikuwa ndoa, ilikuwa ngoma na siwa, pembe kubwa la kupulizwa. Siwa ikilia watu wajua pana jambo la wakubwa. Waungwana wa pwani wakiozesha, nayo ilitolewa, ikapigwa arusini. Mpe mtawala wako chombo, watu wakisikia sauti wainame. Jina litakuja lenyewe.

La pili. Kuna ndoa, na kuna usuria. Seyyid Said, sultani wa Unguja, alikuwa na mke wa daraja, Azza binti Seif, aliyeogopewa nyumba nzima. Watoto lakini walizaliwa na masuria, na mtoto wa suria akikubaliwa na baba yake ni mtoto huru, hapungukiwi. Waliomfuata kwenye kiti cha Unguja, akina Majid na Barghash, mama zao ni masuria. Hata binti yake Salme, aliyetoroka 1866 akaja kuolewa na Mjerumani, mama yake alikuwa Mcherkess wa Kaukazi, Jilfidan. Sasa jiulize: mke mkubwa ana cheo na hana mrithi, suria ana mrithi na hana cheo. Nyumba hiyo haikosi maneno.

#23 Bodaboda Sakina
"Haikosi maneno." Forodhani umesema kwa upole, kule ni moto.

#24 Nakala ya Pili
Mimi nacheza sana michezo ya kompyuta ya kujenga himaya. Watu wanakosea kitu kimoja: wanatunga vyeo kumi na viwili vizuri sana na havifanyi kazi yoyote. Baba wa Mwezi, Mlinzi wa Ukungu, Mama wa Kizingiti, sijui nani. Kila cheo kiwe na jambo moja analoweza kukataza. Kama hawezi kukataza chochote, mfute.

#25 Ndizi Mshale
Kwa kipimo hicho mama mkwe wangu ndiye mwenye cheo kikubwa kuliko wote Kilimanjaro.

#26 BintiUsambara
Na hujakosea sana. Buganda, mama wa Kabaka, mfalme wao, anaitwa Namasole, ana ikulu yake, ana watu wake. Eswatini mfalme ni simba, Ngwenyama, na mama yake ni tembo jike, Ndlovukazi, wanatawala wawili. Asante wa Ghana wana Asantehemaa, mke wa Asantehene, ndiye anayependekeza nani akalie kigoda.

#27 Kalamu Nyekundu
Asantehemaa si mke. Huwa ni mama wa mfalme, au dada, au ndugu mwingine wa upande wa mama, kwa kuwa Waasante wanahesabu ukoo kwa mama. Ndiyo maana ana usemi: yeye ni wa damu ya kiti, mke ni mgeni.

#28 BintiUsambara
Inazidi kunisaidia mimi basi. Kwa watu wa ukoo wa mama mke na mume wote ni wageni, mwenye mali ni dada na kaka yake. Waluguru hapo Morogoro, chifu wao Kingalu akifa anakuja mpwa wake, naye anaitwa Kingalu. Jina la mtu limekuwa cheo, linavaliwa na kila anayeingia. Dada Mkasa, Wasombe wako wafanye hivyo. Mtawala wa kwanza alikuwa na jina lake la kawaida, liwe ndilo cheo. Malkia utamtupa huko.

#29 Mpare Asiyeshtaki
Buganda wana ujanja mwingine. Kabaka anachukua ukoo wa mama yake, watu wengine wote wanachukua wa baba. Kwa hiyo kila utawala ukibadilika na ukoo wa ikulu unaweza kubadilika, na kila ukoo una sababu ya kupeleka binti, na hakuna wa kusema kiti ni chetu milele. Rwanda ilikuwa tofauti, mama za wafalme walitoka kwenye koo chache, na matokeo yake 1896 pale Rucunshu, Kanjogera wa ukoo wa Abega na kaka yake Kabare wakampindua mfalme Rutarindwa, wakamweka Musinga, mtoto wa Kanjogera mwenyewe. Kwa mwandishi: amua kama ndoa za ikulu zinazungusha madaraka au zinayafungia kwenye nyumba moja. Hadithi mbili tofauti kabisa.

#30 Ng'ombe Tatu
Jina lako ni uongo wa kwanza kwenye uzi huu.

#31 Mpare Asiyeshtaki
Tutaonana mahakama ya mwanzo.

#32 mzee_wa_rau
Vijana hamjambo. Nimesoma yote kwa miwani, mtanisamehe nikiandika pole pole.

Mmezunguka Afrika nzima na Ulaya, maji mmeyaacha kwenye namba moja. Huyu binti amesema mtawala ni mwenye lango la maji. Mimi nimekulia kwenye mfongo, mfereji wetu Wachagga wa kumwagilia. Kazi ya mfongo kwetu ilikuwa ya wanaume, na wanawake hawakuruhusiwa kusogea kwenye banio, pale maji yanapochepushwa toka mtoni, wakati wa kuchimba wala kusafisha. Ilikuwa mwiko. Sasa wewe umempa mwanamke lango. Vizuri, lakini hapo umegeuza mwiko, basi mwiko wa wanaume uuweke wapi? Mwiko hauondoki, unahama.

Niwaeleze lango lilivyokuwa. Halikuwa na mlango. Ni kipande cha mgomba kimelazwa, na udongo wenye nyasi umeshindiliwa pembeni kwa mguu. Zamu yako ikifika, unatoa ule udongo kwa jembe, bonge moja moja, unauweka kando kwa sababu utauhitaji tena. Maji yanatangulia na majani makavu na povu la rangi ya chai. Mtu aliyefungua kabla ya zamu anajulikana, udongo wake bado ni mbichi upande mmoja. Kesi ziliamuliwa kwa kuangalia bonge la udongo. Faini ilikuwa mbuzi na pombe.

Basi mahari ya watu wa namna hiyo haiwezi kuwa ng'ombe tu. Itakuwa zamu. Mwanaume anaoa na anapewa zamu ya maji, au analeta zamu ya ukoo wake. Ng'ombe ni wa sherehe, zamu ni ya wajukuu. Utajua nani atoe mahari ukishajua zamu itabaki kwa nani wakiachana.

#33 Mpare Asiyeshtaki
Shikamoo mzee. Nakuunga mkono nikiwa na nyongeza ya Same: sisi tuna ndiva, bwawa la kukusanya maji usiku yafunguliwe mchana. Maji ya ndiva yana mgao, na maji yaliyokusanywa usiku ni ya nani? Hapo penye usiku ndipo ungeweka haki ya mume. Mchana maji ni ya mke mtawala, yanayojaa usiku ni ya nyumba ya mume. Mtu ana cheo nusu ya saa za siku.

#34 mzee_wa_rau
Marahaba. Hapo umenena, japo ni Mpare.

#35 Laigwanani wa Mtandaoni
Mzee heshima kwako, lakini sikubali kwamba ng'ombe ni wa sherehe. Ng'ombe waliotoka kwetu tunawajua rangi na mama zao, wakizaa kwenu tunajua. Mfugaji hatawahi kuelewa mahari ya zamu ya maji. Yeye atasema amemwoa mwanamke, kwa sababu ng'ombe wake wako kule juu. Watu wa mlima watasema wamemwoa mwanaume, kwa sababu zamu imemfuata yeye. Harusi moja, kila upande unaamini ndio uliooa. Wala usiwasuluhishe.

#36 ShangaziMajengo
Na kila upande una kamati yake! Jamani hiyo ndiyo tamu. Kikao cha kuungana kitavunjika kwenye kipengele cha MC.

#37 Nakala ya Pili
Namba 35 amemaliza. Funga uzi.

#38 Kalamu Nyekundu
Hajamaliza. Makubaliano yenye maana mbili yanadumu mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Mtoto ni wa nani? Mfugaji anasema wangu, nilitoa ng'ombe. Mlima unasema wetu, ndiye atakayeshika lango. Namba 4 nilikwambia Modjadji walilikwepa hili kwa kumnyima baba jina kabisa.

#39 BintiUsambara
Na mimi nasema litaamuliwa na wajomba. Kama kaka zake mtawala wana nguvu, mtoto ni wa mlima. Sheria utaiandika baadaye ukiona nani kashinda.

#40 mzee_wa_rau
Litaamuliwa na zamu.

#41 Ndizi Mshale
Litaamuliwa na mbege. Mnaacha kitu kikubwa.

#42 Mtumishi_K
Nimerudi. Sheba hakuwa mke, alikuwa mgeni wa serikali.

#43 Ng'ombe Tatu
Umechukua muda wote huo kwa sentensi moja? Karibu tena mtumishi.

#44 MkasaWaNjiro
Asanteni wote, sikutegemea. Nimeamua machache, mengine nayaacha wazi.

Neno Malkia nimelifuta. Mwanzilishi wa lango nilikuwa nimempa jina Nasieku, basi kila mtawala sasa anaitwa Nasieku. Mumewe hana cheo juu mlimani, anaitwa "wa usiku", nimechukua kwa Mpare. Nyikani kwao wanamwita mwenye lango. Mahari ni zamu na ng'ombe vyote viwili. Hiki hapa kipande cha harusi, kinatoka Ijumaa:

"Ng'ombe walifika lango la chini jua likiwa limeinama. Mzee wa mlima akawahesabu kwa sauti, arobaini na mbili, akaandika kwa mkaa kwenye jiwe. Kaka mkubwa wa Nasieku akatoa bonge la udongo mfereji wa tatu, akalishika kwa mikono miwili, maji yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko. Akamkabidhi bwana harusi. Yule kijana hakujua aliweke wapi. Watu wa rika lake nyuma wakaanza kucheka. Akalipokea, akalipakata kama mtoto, na shuka lake jekundu likalowa lote kifuani. Wasombe hawakucheka. Wote walikuwa wanatazama mfereji, kwa sababu maji yalikuwa yanapita bila mtu kuyahesabu."

#45 ShangaziMajengo
Mwanangu! Hilo bonge.

#46 mzee_wa_rau
Bonge halishikwi namna hiyo, linavunjika. Linashikwa kwa upande wa nyasi. Mengine ni sawa.

#47 Laigwanani wa Mtandaoni
Rekebisha na hesabu. Huwezi kuwahesabu ng'ombe wa watu kwa sauti mbele yao halafu ukaandika kwenye jiwe, huo ni mkosi na ni matusi. Mfugaji anaangalia kundi, anajua yupi hayupo. Lakini ukitaka ugomvi uanze hapo hapo langoni, liache kama lilivyo, na wale wenye mikuki waache kucheka.

#48 MkasaWaNjiro
Naliacha. Mzee, la nyasi nabadilisha sasa hivi.

#49 Forodhani_Arusha
Siwa hukuitia.

#50 Ndizi Mshale
Na jina Wasombe hukulibadilisha. Ijumaa nitasoma nikiwa na ugali.

#51 BintiUsambara
Kaka mkubwa ndiye katoa bonge, eeh? Haya, mimi nimenyamaza. Kalamu, unaona nani kashika mfereji?

#52 Kalamu Nyekundu
Naona nani kalipokea pia. Na mtoto bado hajazaliwa.